Kayamba Wodini

Msimu wa maembe ukifika Kikambala, watoto hupanda juu kuliko walivyoruhusiwa. Maembe ya chini yameshachumwa. Lililobaki liko kwenye ncha ya tawi, limeiva upande mmoja, na chini ya mti wapo wenzako wanakutazama. Basi sikilizeni wanangu, niwasimulie habari za msichana wa miaka minane aliyelifuata embe la namna hiyo hadi tawi likakatika. Yeye ni wa hadithi, ndiyo maana sikumpa jina. Mguu wake ni wa kweli. Hospitali zetu za pwani zinawajua vizuri watoto walioanguka kutoka kwenye miembe, mikorosho na minazi.

Paja lilivunjika. Watu wazima waliokuwa karibu walimfunga mguu kwenye ubao, wakampakia garini na kushika barabara ya Malindi: Vipingo na mashamba yake ya mkonge, halafu Mnarani, halafu daraja linalovuka mkono wa bahari, mpaka hospitali ya kaunti mjini Kilifi. Akapigwa eksirei. Jioni hiyo alikuwa wodi ya watoto, amelala chali, mguu umenyooshwa. Plasta ya kunata ilibandikwa pande zote mbili za mguu, ikafungwa kamba, kamba ikapitishwa juu ya kigurudumu mwisho wa kitanda, na upande wa pili ukaning'inia uzito.

Kwa nini uzito? Mfupa wa paja ndio mrefu na imara kuliko mifupa yote ya mwili, na misuli inayouzunguka ina nguvu nyingi. Mfupa ukivunjika, misuli hiyo hujikaza na kuvivuta vile vipande viwili mpaka kimoja kikapanda juu ya kingine. Ule uzito huvuta upande wa pili, mchana na usiku, polepole, mpaka misuli ilegee na vipande vielekeane. Kisha mwili huanza ujenzi wake. Damu iliyoganda pale penye ufa hugeuka kuwa kitu laini mfano wa gegedu, na gegedu hilo hugeuka mfupa. Kwa mtoto wa miaka minane kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na hakuna daktari duniani anayeweza kuiharakisha.

Siku za kwanza alilia kwa maumivu, akapewa dawa. Siku zilizofuata dawa zilipungua, na hapo ndipo shida ya pili ilipojitokeza. Mtoto aliyezoea kukimbia ufuoni tangu asubuhi sasa anatazama dari. Kulala muda mrefu kunamdhuru mtu zaidi ya anavyofikiri. Misuli ya mguu ule mzima nayo hukonda. Makohozi hutuama chini ya mapafu kwa sababu hapumui kwa kina. Hamu ya chakula hupotea, na mfupa unahitaji chakula ili ujijenge. Usingizi wa usiku huharibika, woga huongezeka, na mtu mwenye woga huyahisi maumivu kwa ukali zaidi.

Watu wazima wengi huamini kwamba mchezo na nyimbo ni zawadi ya mtoto aliyekwisha kupona. Apone kwanza, halafu acheze. Mimi nasema wamegeuza mambo, na nitawaonyesha kwa nini, nikianza na pumzi.

Mtu akimwambia msichana wetu, "Vuta pumzi ndefu mara 10," atavuta mara tatu halafu atachoka. Lakini mpe kikombe cha maji ya sabuni na kipande cha waya kilichopindwa duara, umwambie apulize povu moja kubwa lifike kitanda cha pili. Atajaza kifua chake chote. Atapuliza taratibu, kwa sababu ukipuliza kwa nguvu povu hupasuka. Ile pumzi ndefu ya kuvuta na ile pumzi ya polepole ya kutoa ndiyo hasa wataalamu wa mazoezi ya viungo wanayoitaka: hufungua vijumba vidogo vya hewa vilivyosinyaa chini ya mapafu na kusukuma makohozi juu yatoke. Mtoto anahesabu mapovu. Mapafu yanafanya mazoezi.

Sasa tuje kwenye maumivu. Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba habari za maumivu hazipandi moja kwa moja kutoka mguuni hadi kichwani. Zinapita kwenye uti wa mgongo, na pale kuna kitu walichokiita lango. Habari nyingine za mwili, kama vile kuguswa na kusuguliwa, zinaweza kulifunga kidogo. Ubongo nao, kutoka juu, unaweza kutuma amri ya kulifunga au kulifungua. Ndiyo maana ukijikwaa unajisugua kidole. Mtoto aliyezama ndani ya wimbo au mchezo hajifanyi kuwa haumwi. Maumivu yanayomfikia ni machache kweli. Dawa ya maumivu bado anaihitaji, msije mkamnyima mtu dawa kwa kuwa anaimba.

Na sindano je? Wapo watu wanaomwambia mtoto, "Haiumi." Inauma, naye akishagundua hamwamini mtu tena humo wodini. Ni bora apewe bomba la sindano lisilo na sindano, pamba na mwanasesere wa kitambaa, amtibu yeye kwanza. Atamfuta mkono, atamchoma, atamwambia, "Pole, imekwisha." Siku ya zamu yake atajua nini kinafuata nini. Wakati sista anatafuta mshipa, mama na mtoto wanaanza wimbo wenye beti nyingi, na mtoto ndiye anayechagua wimbo gani. Katika hospitali mtoto huamuliwa karibu kila kitu: ale nini, alale saa ngapi, achomwe wapi. Kuchagua wimbo ni jambo dogo lililobaki mikononi mwake, na naliona kubwa sana.

Nimemtaja mama. Kwetu mama hulala hapo hapo wodini, mara nyingi kitanda kimoja na mwanawe, na hatuoni ajabu. Lakini zipo nchi zilizowahi kuwafukuza akina mama. Huko Uingereza, mpaka miaka ya 1950, hospitali nyingi ziliruhusu wazazi kuja kumwona mtoto kwa muda mfupi tu, nyingine mara moja kwa wiki, ili "asilie". Mwaka 1952 mtu mmoja aitwaye James Robertson alionyesha filamu aliyoipiga ya mtoto wa miaka miwili akiwa hospitalini bila mama yake. Katika filamu ile mtoto hapigi kelele nyingi. Ananyamaza, na kunyamaza kule ndiko kunakohuzunisha. Madaktari wengine walikasirika walipoiona. Hata hivyo, mwaka 1959 kamati ya serikali yao ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao bila vizuizi vile. Jambo ambalo wanawake wa Kilifi wamelifanya siku zote, wenzetu walilazimika kulijifunza upya.

Basi msichana wetu yuko na mama yake, anapuliza mapovu, anamtibu mwanasesere. Jumamosi bibi yake akaja kutoka Kikambala. Kwa Kigiriama bibi huitwa hawe, na hawe huyu alibeba kitu kimefungwa ndani ya leso. Kilikuwa kayamba.

Kama hamjawahi kulishika, kayamba ni kitu bapa, chepesi, kilichoshonwa kwa matete yaliyopangwa ubavu kwa ubavu, tabaka mbili, na katikati kumetiwa mbegu kavu. Unalishika kwa mikono miwili, unalilaza upande huu, unalilaza upande ule, na mbegu hukimbia ndani kwa pamoja. Ukilitikisa kwa nguvu linatoa mdundo unaoweza kuongoza uwanja mzima wa wachezaji. Ukiliinamisha taratibu linatoa sauti ya wimbi linalorudi nyuma juu ya mchanga. Mbegu zake mara nyingi ni za mturituri, zile nyekundu zenye doa jeusi. Tafadhali shikeni hili: mbegu hizo zina sumu kali, na mtoto akizitafuna anaweza kufa. Ndani ya kayamba lililoshonwa vizuri hazina neno. Kayamba likichanika, litolewe wodini mara moja.

Wagiriama na majirani zao wana kayamba la harusi, kayamba la matanga, na pia kayamba la kumponyesha mgonjwa. Katika ngoma za pepo mgonjwa huketishwa katikati, makayamba yakamzunguka, na mganga hujaribu wimbo mmoja baada ya mwingine. Wimbo huu, kimya. Wimbo ule, kimya. Mara wimbo fulani ukifika, mwili wa mgonjwa huitika. Daktari hatakubaliana na mganga juu ya pepo, na mfupa uliovunjika unataka daktari. Lakini wazee walikuwa wameona jambo moja kwa macho yao: kila mgonjwa ana wimbo wake, na lazima utafutwe.

Sasa nitawapeleka mbali kidogo. Tiba ya muziki ni kazi yenye shule yake. Huko Marekani chuo kikuu cha Michigan State kilianza kuwafundisha wataalamu wake mwaka 1944, wakati wa vita kuu. Mmoja wa wataalamu wa siku hizi, Joanne Loewy wa New York, alichapisha mwaka 2013 pamoja na wenzake utafiti uliofanywa katika hospitali 11 kwa watoto wachanga 272 waliozaliwa kabla ya wakati wao. Walitumia vitu vitatu. Cha kwanza ni kisanduku cha mbao kinachogongwa kwa vidole kwa mwendo wa mapigo ya moyo. Cha pili ni chombo cha duara chenye vipande vidogo vya chuma ndani, ambacho ukikigeuza taratibu hutoa mvumo wa bahari, unaofanana na ule mtoto aliokuwa akiusikia tumboni. Cha tatu ni wimbo wa kubembeleza, ambao mtaalamu hakuja nao kutoka kwake. Aliwauliza wazazi: nyumbani kwenu mnaimba nini?

Mapigo ya moyo ya wale watoto yalitulia. Kulala na kunyonya kulionyesha mabadiliko mema, na wazazi nao wakapungukiwa na wasiwasi. Kile chombo cha duara, hawe angekitambua mara moja. Na lile swali walilowauliza wazazi ndilo mganga wa kayamba anahangaika nalo usiku kucha.

Hawe aliliinamisha kayamba lake taratibu sana, kwa kuwa wodi ina wagonjwa wengine, akaimba wimbo wa kutwanga mahindi ambao msichana aliusikia tangu akiwa mgongoni. Msichana akaanza kuupiga kwa vidole kwenye chuma cha kitanda. Halafu mguu mzima nao ukaingia, kisigino kikipiga godoro. Tangu siku hiyo mazoezi ya mguu mzima yakawa na wimbo wake.

Kitanda cha pili palikuwa na mtoto mwingine, naye ndiye ninayetaka tumtazame kwa muda mrefu zaidi, ingawa hakuvunjika popote.

Alikuwa wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, miguu imevimba, nywele zimepauka, ana kwashakoo. Mapovu yalipita mbele ya uso wake naye hakuyafuata kwa macho. Mtoto aliyekosa chakula kwa muda mrefu huzima vitu kimoja kimoja ili abane nguvu: huacha kukimbia, halafu huacha kucheza, halafu huacha hata kulia. Ukimwekea kitu mkononi hukiachia kianguke. Wapita njia wanasema ana adabu, hasumbui. Kumbe ni mgonjwa sana.

Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa kumtibu mtoto wa namna hii, wenye hatua 10. Za kwanza ni zile mnazoweza kuzikisia: sukari ya damu isishuke, mwili usipoe, maji yasipungue, dawa za viini, maziwa maalumu kidogo kidogo. Hatua ya 9 ndiyo iliyonifanya niandike yote haya. Inasema mtoto huyu apewe upendo, akae mahali penye uchangamfu, na achezeshwe kwa mpango dakika 15 hadi 30 kila siku, mama yake akishiriki. Imeandikwa katika orodha moja na maziwa na dawa. Daktari anayeiruka hajamaliza matibabu.

Mwongozo huo unataja na vitu vya kuchezea, vyote vya kuokotwa: pete iliyofungwa kwenye uzi, mtoto aivute imfikie. Chupa ya plastiki yenye vizibo ndani, itikiswe. Kopo lililopinduliwa liwe ngoma. Vikombe vya kuingiana kimoja ndani ya kingine. Nyimbo za nyumbani na michezo ya vidole pia zimo, kwa sababu lugha nayo hukonda njaa ikikaa. Kila kitu kina kazi yake. Kuvuta uzi kunamfundisha mtoto kwamba akifanya jambo, jambo hutokea. Hilo ndilo alilosahau.

Je, mchezo wa dakika chache unaweza kubadili maisha ya mtu? Huko Jamaica, katika mji wa Kingston, Sally Grantham-McGregor na wenzake walianza mwaka 1986 kuwafuatilia watoto wadogo 129 waliodumaa. Nusu yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na mhudumu wa afya aliyekuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono, akamwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe. Miaka 20 baadaye wachumi waliwatafuta wale watoto, sasa watu wazima wenye kazi. Waliochezeshwa walikuwa wakipata mshahara mkubwa zaidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakuchezeshwa. Mimi huisoma habari hiyo kila mara kwa mshangao, maana vitu vyenyewe vilikuwa vizibo na makopo.

Hapa Kilifi penyewe kuna sababu nyingine ya kulichukua jambo hili kwa uzito. Tangu 1989 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wa shirika la Wellcome wamefanya kazi bega kwa bega na hospitali hiyo ya kaunti, na malaria ni moja ya mambo waliyoyachunguza kwa kina. Mwaka 2005 walitoa matokeo ya kuwapima watoto waliowahi kupatwa na malaria kali wakapona. Karibu robo yao, miaka kadhaa baadaye, walikuwa na tatizo fulani: usemi, kumbukumbu, mwendo, umakini. Walitoka hospitalini wakitembea, wazazi wakashukuru, lakini ubongo ulikuwa bado na kazi ya kufanya. Kule Kampala, Paul Bangirana na wenzake waliwapa watoto walionusurika malaria ya ubongo michezo ya kompyuta inayozoeza umakini na kumbukumbu, na mwaka 2009 wakaripoti kwamba watoto hao walifanya vizuri zaidi katika baadhi ya vipimo kuliko wale ambao hawakuicheza. Ubongo wa mtoto hujirekebisha kwa kutumiwa, na mchezo ndio matumizi anayoyakubali bila kulazimishwa.

Wataalamu waliosomea tiba ya muziki ni wachache sana Afrika Mashariki. Jijini Nairobi wasanii wa Sarakasi Trust wameingia wodini na nyimbo, ngoma na sarakasi zao, na ningependa kuona kila kaunti ikiwa na kundi la namna hiyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Hakuna mahali panaposema haki hiyo huachwa langoni mwa hospitali.

Tumrudie msichana. Uzito ukaondolewa, picha ikaonyesha mfupa umeshikana, akapewa magongo. Mguu uliolala wiki nyingi umesahau mwendo: unaburuta, unaogopa, hatua moja ndefu na nyingine fupi. Hapa mdundo una kazi ambayo maneno hayaiwezi. Njia za kusikia na njia za kutembea ndani ya ubongo zimeunganishwa, hivi kwamba mguu hujiandaa kukanyaga kabla mdundo haujapiga. Michael Thaut na wenzake walilichunguza jambo hili kwa wagonjwa wa kiharusi tangu miaka ya 1990: wakipigiwa mdundo wa kufuata, hatua zao hulingana na kurefuka. Mtaalamu wa viungo akasimama mbele ya msichana, hawe kando yake na kayamba, mwendo wa polepole. Gongo, mguu. Gongo, mguu. Siku chache baadaye mwendo ukaongezwa kidogo, naye hakuambiwa.

Mkitaka kumletea rafiki yenu kitu hospitalini, muulizeni sista kwanza. Leteni kinachooshwa kwa sabuni na maji, maana mwanasesere wa manyoya hubeba viini kutoka kitanda hadi kitanda. Msilete vitu vidogo vya kumezwa. Chupa ya plastiki, mchele kiganja kimoja, kifuniko kilichobandikwa kwa gundi kali, hapo mna kayamba dogo. Lakini yupo mtoto ambaye hamtampigia kabisa, naye ni mwenye pepopunda. Ugonjwa huo hukaza misuli, na sauti ya ghafla, hata mlango kugongwa, humrudishia mkazo wenye maumivu makali. Yeye hulazwa chumba chenye giza na utulivu, na akishapona vya kutosha sista atawaambia siku ya kuanza kumwimbia.